Msalaba Uliopakwa Vanishi

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa kugombea kioo. Mama anachemsha chai, baba ameshafungua karakana yake iliyo mbele ya nyumba na randa inakwaruza mbao, mimi nafagia, na mdogo wangu wa kiume amesimama mbele ya kioo anachana nywele kama bwana harusi. Tulimwita Mheshimiwa. Baba alimpa jina hilo kwa mzaha, yeye akalipokea kwa mikono miwili. Hapo tu umeshamjua ni mtu wa aina gani.

"Mheshimiwa, ndoo za maji zinakungoja," nilimwambia.

"Dada, mikono yangu haitakiwi kuchubuka wiki hii. Umesahau mimi ni nani kwenye igizo?"

Ningesahauje? Mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa. Alichaguliwa kuigiza Yesu katika igizo la Ijumaa Kuu, na sababu zilikuwa mbili tu: ni mrefu, na sauti yake inafika mbali. Lakini tangu siku hiyo ukimwona anavyotembea, ungedhani mbingu na nchi aliziumba yeye. Alikuwa akiitikia salamu kwa kuinua vidole viwili. Nilitamani kumzaba kofi, ila mama alinikataza.

Mimi nilipewa cheo cha akida wa askari wa Kirumi. "Una mdomo," Mwalimu wa Historia aliniambia, "na akida bila mdomo si akida." Yeye ndiye aliyeliandaa igizo lile. Alikuwa mama mfupi, mkali kama pilipili, na hakutaka mchezo wa kitoto. Kabla hajatufundisha maneno alitukalisha darasani.

"Wengi wenu mmeuona msalaba shingoni mwa watu, unang'aa," alisema. "Sahauni huo. Kwa Warumi haukuwa pambo. Ulikuwa chombo cha kuulia watumwa, waasi na watu waliowaona si kitu. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa hivyo. Mara nyingi mti wa kusimama ulikuwa umeshachimbiwa mahali pa wazi, kando ya barabara, na mhukumiwa alibebeshwa boriti ya kukingama. Wapita njia wakimcheka, wakimtukana. Kule kudharauliwa kulikuwa sehemu ya adhabu."

Mheshimiwa akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, wa Yesu si ulikuwa mzurimzuri kidogo? Maana alikuwa mfalme."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ulikuwa mti kama ile ya wezi waliokuwa ubavuni mwake. Wakristo wanaamini kwamba Mwana wa Mungu alikubali kufa kifo cha watu wa chini kabisa, akatukanwa kama wao. Ukiupamba mti ule, umeiharibu habari yenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Hakuelewa hata nusu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baba alitengeneza misalaba mitatu kwa mbao za paa kuukuu, zenye matundu ya misumari na madoa ya mvua. Mheshimiwa aliizunguka huku akikunja pua. "Baba, wangu upige randa basi. Watu watanionaje?"

"Warumi hawakupiga randa," baba alimjibu. "Na vanishi yangu usiitazame hivyo. Hiyo ni ya kabati la mteja." Siku ya Jumatano nguzo zote tatu zikachimbiwa kwenye mwinuko nyuma ya kanisa.

Sasa nikujulishe kwa Chuma. Alikuwa rika la mdogo wangu, na yeye na mama yake waliishi kwa kuokota vyuma chakavu na makopo na kuyapeleka kwa wanunuzi. Pale karakana kulikuwa na pipa la takataka mlangoni, na yeye na baba walikuwa na mapatano ya siku nyingi: kilichomo pipani ni cha Chuma, kilichomo ndani ya karakana ni cha baba. Chuma hakuwahi kukosea mpaka huo. Katika igizo alikuwa yule mwizi anayetubu, na alikuwa anajua maneno yake kuliko sisi wote.

Mheshimiwa hakumpenda. "Yaani huyu ndiye atakayetundikwa ubavuni mwangu?" alisema mbele ya wenzetu. "Ananuka kutu."

"Na wewe unanuka manukato ya mama yako," Chuma akamjibu. "Tutavumiliana tu, ndugu yangu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Sasa sikiliza alichofanya Mheshimiwa siku ya Alhamisi. Mimi nilikuja kukijua baadaye, lakini nakueleza mapema usije ukamhurumia bure. Baada ya mazoezi ya mwisho, baba alipokwenda kununua misumari, alichukua kopo la vanishi na brashi, akapanda kule nyuma ya kanisa peke yake. Akaupaka mti wa katikati. Akapaka tena. Tabaka juu ya tabaka, wala hakungoja la kwanza likauke, na hewa ilikuwa na unyevunyevu wa mvua. Mtoto wa seremala! Hata paka wetu angejua kwamba vanishi haipakwi hivyo. Alipomaliza, akarudi na kulitumbukiza kopo tupu pipani, akaingia ndani kunywa chai.

Jioni ileile Chuma akapita na gunia lake kama kawaida. Akainama pipani, akatoa kopo, na baba akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka kuitafuta vanishi na kuikosa.

"Hilo kopo umelitoa wapi?"

"Pipani, baba."

"Pipani! Mchana lilikuwa limejaa, limo ndani rafuni. Limejimwaga lenyewe likaenda pipani?"

"Mimi nimelikuta tupu. Haki ya Mungu."

Majirani wakaanza kutoka, maana kelele ni sukari kwa majirani. Mmoja akasema anayeigiza mwizi ameizoea kazi. Watu wakacheka. Chuma aliangaza macho, akamwona mdogo wangu amesimama kizingitini na kikombe mkononi.

"Mheshimiwa, wewe ulikuwa hapa. Waambie basi!"

Unajua alijibu nini? Alipuliza chai yake kwanza. "Mimi nilimwona tu akizungukazunguka hapa mchana," alisema. "Zaidi ya hapo, simo."

Simo! Baba alimnyang'anya Chuma kopo, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Wewe ni mwizi! Usikanyage tena hapa!" Chuma hakulia. Alikusanya gunia lake, akaondoka katikati ya watu wale wote, na kila mtu alikuwa na neno la kumrushia. Kwa siku moja alipoteza pipa na jina. Seremala akishamwita mtu mwizi, nani mwingine atamruhusu ainame mlangoni pake? Yeye na mama yake wangekula nini?

Baba alitaka Chuma aondolewe kwenye igizo pia. Mwalimu wa Historia akakataa. "Ataigiza kesho," alisema. "Jumanne tutalisikiliza shauri lake shuleni, tusikie pande zote. Mimi sihukumu watu barabarani. Wako waliofanya hivyo zamani, na kesho tunawaigiza."

Ijumaa watu walifurika. Niliwafokea wahukumiwa wangu kwa moyo wote, na Mheshimiwa akaibeba boriti yake huku akigeuza uso kila upande ili aonekane vizuri. Anakwenda kufa huyo, lakini anatafuta macho ya watu! Tulipofika kwenye mwinuko niliwapandisha juu ya vigogo vya kusimamia. Boriti zikapachikwa, nikaanza kufunga mikono kwa kamba. Nilipomsogelea mdogo wangu, harufu ikanipiga puani. Nikaugusa ule mti. Kidole kilinata.

Mambo yote yakanijia kwa mpigo. Kopo, pipa, kile kikombe cha chai.

"Ni wewe," nilimnong'oneza.

"Dada, tafadhali," akasema bila kusogeza midomo. "Watu wanatazama."

Hicho ndicho kilichomuuma, kwamba watu wanatazama. Nilimfunga kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikamsukuma mgongo wake ukaukandamiza mti sawasawa. Nilimchukia dakika ile, siwezi kusema uongo.

Kisha ikaja zamu ya Chuma. Wengine wa mtaani kwetu walikuwa wakiguna na kuonyeshana vidole: huyo, huyo wa vanishi. Chuma akageuza kichwa akamtazama mdogo wangu, na akayasema maneno ambayo Mwalimu alimwandikia.

"Sisi wawili tumetenda, na sasa tunalipwa. Lakini huyu wa katikati, ametenda kosa gani?"

Mheshimiwa alitakiwa kumjibu kwamba leo hii watakuwa pamoja peponi. Lakini lile swali lilikuwa limemfika. Akaanza kujinasua ashuke, na kanzu yake nyeupe ikakataa. Ilikuwa imegandana na mti. Akajivuta, ikachanika kwa mlio ambao hata waliokaa nyuma waliusikia. Mtoto mmoja akasema, "Mama, Yesu amenata!" na watu wakaanza kucheka.

Baba hakucheka. Alipanda mwinuko, akapitisha kiganja kwenye mti, akakinusa. Kazi yake ni hiyo, hakuhitaji kuuliza ni kitu gani. Alimgeukia Chuma, ambaye bado alikuwa amefungwa, kisha akamtazama mwanawe.

"Nani ameupaka mti huu?"

Nilimwona mdogo wangu akimtupia Chuma jicho, na nikajua uongo wa pili uko njiani. Nimelala naye chumba kimoja tangu alipozaliwa, uso wake nausoma. Chuma pia aliuona. "Haya," alimwambia kwa sauti ya chini, "niongezee na hilo."

Mheshimiwa akaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi, mbele ya wale watu wote aliokuwa akiwapendezea.

"Ni mimi, baba. Vanishi niliichukua mimi, na kopo nililitupa mimi. Chuma hakuiba chochote. Nilimwona anatukanwa nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka tena. Wale majirani wachekaji walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Mwalimu wa Historia akapanda, na kwa mkono wake akamfungua Chuma kwanza. Kisha akamgeukia mdogo wangu, na hakuwa na huruma machoni.

"Unajua umefanya nini? Yule uliyekuwa unamwigiza, Wakristo wanaamini alibeba makosa ya watu wote na hakuwa na lake hata moja. Wewe ulikuwa na lako moja tu, dogo, la kopo la vanishi. Hilo hilo moja likakushinda kulibeba, ukamtwika mwenzako!"

Igizo likaishia hapo. Siku hiyohiyo baba alimshika Mheshimiwa mkono, tukaenda watatu kwa mama yake Chuma. Tulimkuta uani anatenganisha bati na shaba. Baba alivua kofia.

"Mama, tumekuja kuomba radhi. Nilimwita mwanao mwizi, na mwizi nilikuwa namlea mwenyewe."

Yule mama hakutukaribisha hata kwenye kigoda. Alitutazama kuanzia juu hadi chini, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Baba, mwanangu ulimtukana wapi?"

"Pale karakana."

"Mtaa ukisikia?"

"Ukisikia."

"Sasa mbona radhi mnaniletea uani, tena mmepunguza sauti? Mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini aibu iliyomwagwa barabarani haifutwi chumbani. Rudini mlikoimwaga."

Baba akainamisha kichwa. "Umesema kweli, mama," alijibu.

Kesho yake, saa ambayo watu wanatoka sokoni, baba alisimama mlangoni pa karakana na kupiga bati kwa nyundo mpaka mtaa ukajaa. Chuma na mama yake walisimama mbele. Baba alianza yeye, mtu mzima na mvi zake, akamwomba mtoto msamaha kwa jina, kwa sauti ileile aliyomfukuzia. Kisha akamsukuma mwanawe mbele.

Mheshimiwa alianza kwa kunong'ona.

"Hatusikii!" nilimwambia. Na kweli nilikuwa sisikii.

Akavuta pumzi, akapaza ile sauti yake inayofika mbali. "Mwizi ni mimi! Chuma alisema kweli, mimi nikasema uongo!"

Mama yake Chuma akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi na wao wamesikia." Akatazama majirani mmoja mmoja, hasa yule wa mzaha wa wizi, ambaye alijificha nyuma ya mkewe. "Nanyi watoto mliopo hapa, shikeni neno hili. Anayemsingizia mwenzake ni mwovu, na anayejua ukweli akanyamaza ndiye anayemshikia kamba. Ukilijua jema la mtu, liseme siku anayotukanwa. Siku ya pili yake umeshachelewa."

Kisha akamwambia Chuma achukue gunia wafanye kazi, maana jua lilikuwa linakwenda. Chuma akalisogelea pipa, akainama mbele ya mtaa mzima, akatoa makopo yake.