Bi Nyoosha Achagua Kifaa cha Masikio

Katika kiwanda cha dobi kulikuwa na wapiga pasi kumi na wawili. Mmoja wao aliitwa Bi Nyoosha, na jina hilo hakupewa bure. Shati likipita mikononi mwake lilitoka bila mkunjo hata mmoja, kola imesimama, mikono imelala sawasawa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Nguo za hariri na magauni ya marinda mengi wenzake walimletea yeye, kwa sababu walijua haunguzi.

Lakini moyo wake ulikuwa mbele, kwenye kaunta ya mapokezi. Hapo wateja huleta nguo zao na kueleza shida zao. Wengi wao ni wageni, nao wana lugha yao. Mpokezi wa zamani alikuwa anastaafu. Meneja akatangaza kwamba mfanyakazi yeyote anaweza kuomba nafasi hiyo. Sharti lilikuwa moja: baada ya wiki sita kutakuwa na mtihani wa kuzungumza lugha ya wageni. Hautakuwa na kalamu wala karatasi, ni mdomo na masikio tu.

Bi Nyoosha aliandikisha jina lake. Wenzake wawili, wenye vyeti vya juu kuliko chake, waliandikisha pia. Wakatazamana wakatabasamu, na yeye akaliona tabasamu hilo.

Akajiunga na darasa la jioni. Mwalimu aliwapa wanafunzi wote memori kadi ndogo kama ukucha. Ndani yake mlikuwa na masomo arobaini ya kusikiliza.

"Sikilizeni kila siku, na mrudie kwa sauti," mwalimu alisema. "Kifaa cha kusikilizia mtajitafutia wenyewe."

Simu isingefaa. Simu zilipigwa marufuku katika ukumbi wa pasi tangu siku ile mtu mmoja alipopokea simu ya mjomba wake na kuisahau pasi juu ya suruali ya mteja. Msimamizi alimruhusu Bi Nyoosha awe na kifaa kisichopiga simu. Tena asikilize kwa sikio moja tu, na la pili liwe wazi kusikia wenzake na kengele ya boila, lile pipa la kuchemshia maji ya mvuke.

Mume wa Bi Nyoosha alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Mtaa mzima ulimwita Bei Poa, maana hakuna duka alimotoka bila kupunguziwa. Aliposikia habari ya kifaa, akajipiga kifua. "Hilo niachie mimi," alisema.

Jumamosi alirudi na boksi kwapani. Alitembea polepole, majirani wapate kuliona. Ndani mlikuwa na redio ya kadi, nyeusi, yenye kioo laini mbele. Taa za rangi tano zilicheza pembeni. Alipoiwasha, vikombe vilitetemeka kabatini, na mama yake mzazi, aliyeishi nao, akaziba masikio kwa viganja.

"Hii inasikika mpaka kwa kinyozi," Bei Poa alisema kwa furaha.

Bi Nyoosha alimshukuru kwa moyo wote. Si kila mume anafurahi mkewe akirudi shule. Wake alifurahi, na yeye alijivunia jambo hilo.

Jumatatu aliifunga redio kiunoni kwa kitambaa, waya wa kusikilizia ukaingia sikio moja. Ilikuwa nzito kama nusu tofali. Kabla ya saa sita mchana chaji ilikuwa imekwisha. Siku iliyofuata akawa anaizima kila baada ya muda ili kuokoa chaji. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Redio ile haikukumbuka ilipoachia. Kila alipoiwasha ilirudi somo la kwanza. Kuruka mbele kulitaka kugusa kioo, na vidole vyenye unyevu wa mvuke kioo hakikuvisikia. Ilimbidi aweke pasi chini, afute mikono, ainame, atafute. Nguo za wateja nazo zilikuwa zinangoja. Mwisho akaiacha iseme inachotaka, kazini na hata nyumbani jioni akipika, mikono imelowa.

Baada ya wiki mbili Bi Nyoosha alilijua somo la kwanza kama jina lake. Mama mkwe naye alilijua. Akiosha vyombo, utamsikia anasema kwa lugha ya wageni: "Nimefurahi kukufahamu. Nimetoka mbali sana." Naye hajawahi kuhama mtaa ule tangu azaliwe.

Darasani mwalimu alifika somo la tisa. Akamwuliza Bi Nyoosha swali. Bi Nyoosha akasimama. Akatafuta neno, akaokota lililokuwa karibu. "Nimefurahi kukufahamu," alimjibu mwalimu, ambaye walikuwa wamefahamiana naye nusu mwezi mzima.

Darasa likaangua kicheko. Alicheka nao, lakini njiani machozi yalimtoka. Alifikiri kwenda kwa meneja akafute jina lake. Wiki nne zilikuwa zimebaki, na masomo thelathini na tisa.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta aliitwa Shangazi Halo. Kwa miaka ishirini alikuwa anapokea simu katika hospitali kubwa. Haoni tangu utotoni. Alizungumza lugha tatu, na katika zote tatu alijua kutania. Kesho yake alimwita Bi Nyoosha kibarazani.

"Mwanangu, wiki mbili sasa nasikia ukutani watu wale wale wanasalimiana," alisema. "Hawajafika tu wanakokwenda?"

Bi Nyoosha alimweleza yote, kuanzia taa tano mpaka kicheko cha darasani. Shangazi Halo alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamshauri amwambie mumewe ukweli.

"Siwezi, Shangazi. Amejivunia sana ile redio. Nitamvunja moyo."

"Basi usimwambie. Mlete, aje na redio yake."

Bei Poa alikuja siku hiyo hiyo, kifua mbele. Alimsimulia Shangazi Halo jinsi alivyombana mwenye duka. Alimsimulia hata zile taa, rangi moja baada ya nyingine, mpaka mkewe akaona haya. Shangazi Halo alisikiliza kwa adabu, akasema taa amezipenda. Kisha akampa kikombe mkononi.

"Baba, hiyo ndiyo pasi yako. Usiiweke chini. Sasa fumba macho. Mkeo hakuisikia vizuri sentensi ya mwisho. Mrudishie."

Bei Poa akafumba macho. Vidole vyake vikatembea juu ya kioo. Redio ikaruka somo. Akagusa tena, sauti ikapanda ikatikisa kibaraza. Akagusa mara ya tatu, redio ikazimika kabisa. Alipofumbua macho, jasho lilikuwa linamtoka. Mtu aliyewashinda wenye maduka wote wa mjini alikuwa ameshindwa na sentensi moja.

Akamtazama mkewe.

"Hivi ndivyo unavyohangaika kila siku?"

"Ndiyo, Baba," Bi Nyoosha alijibu taratibu.

"Na hukusema."

"Ulinipa kwa upendo. Ningesemaje?"

Shangazi Halo akaingilia kati. "Hakuna mwenye kosa hapa. Wewe ulichagua kwa macho, na hiki ni kifaa cha masikio. Chagua kwa vidole na masikio, macho yapumzike."

Akatoa mfukoni kifaa chake, kidogo kama kipande cha sabuni. Kilikuwa kimechakaa mpaka rangi imetoka pembeni. Akamwekea Bi Nyoosha kiganjani, akamtaka afumbe macho. Vitufe vilikuwa vimeinuka, kila kimoja na umbo lake, na kidole kilikijua bila kuambiwa. Kimoja kilirudisha maneno nyuma kidogo, sekunde chache tu. Kingine kilirudia kipande kile kile mpaka uchoke wewe. Kulikuwa na cha kupunguza mwendo wa msemaji, ili anayejifunza asikie neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Shangazi akakizima, akakiwasha tena. Sauti ikaendelea pale pale ilipokatika. Chaji yake ilimaliza siku nzima ya kazi, tena siku ya kazi ya hospitali.

"Hiki cha mwisho ndicho mwalimu mkali kuliko wote," alisema, akibonyeza kitufe cha chini. Kilikuwa cha kurekodi. "Unasikia msemaji, unasema wewe, kisha unajisikiliza. Hapo hakuna wa kumdanganya."

Alimwonya pia asiweke sauti juu sana. Masikio yakiharibika, alisema, hakuna fundi wa kuyarudisha. Na kadi yake aende nayo dukani, kwa sababu si kila kifaa husoma kila kadi.

Ile redio ya taa Bei Poa alimwuzia kinyozi, naye alifurahi kweli kweli. Kwa muziki wa kinyozini haikuwa na mfano. Fedha hizo zikawapeleka mume na mke dukani.

Muuzaji alianza kwa kuwaonyesha kifaa chenye kioo cha kutazamia picha. Bei Poa alifumba macho, akakipapasa, akakirudisha. Muuzaji akamwuliza Bi Nyoosha kama mzee anaumwa. Cha pili kilikuwa na vitufe vizuri, lakini kiligoma kusoma kadi. Cha tatu kilisoma, ila mwendo ulipopunguzwa msemaji alikokota maneno kama mlevi. Cha nne kilikuwa cha kijivu, kisicho na urembo wowote. Bi Nyoosha alikizima katikati ya somo la tano, akakiwasha, na somo la tano likaendelea. Alirudisha sentensi moja nyuma huku anamtazama muuzaji usoni.

"Ni hiki," alisema. Akadai risiti na karatasi ya waranti. Bei Poa alingoja mpaka majaribio yote yamekwisha, kisha akaomba apunguziwe. Mazoea yana taabu.

Siku ya kwanza Bi Nyoosha alipojirekodi, aliona aibu. Alikuwa anameza mwisho wa kila neno. Akarudia. Akajisikiliza, akarudia tena. Ukumbini pasi ilikwenda na kurudi, mdomo nao ukinong'ona, na kidole gumba kikicheza mfukoni. Siku nyingine alimaliza masomo mawili. Siku nyingine nusu somo lilimshinda, akalala na hasira. Mtihani ulipofika alikuwa katika somo la thelathini na nne.

Meneja hakuwauliza maswali yeye mwenyewe. Alimleta mteja halisi, mama mmoja mgeni mwenye koti mkononi. Mgeni huyo alizungumza mbio. Wale wawili wenye vyeti walitangulia. Kila mmoja aliitikia "ndiyo, ndiyo" na kuandika alichodhani amekisikia.

Zamu ya Bi Nyoosha ilipofika, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa lugha ya mgeni, bila kumeza neno: "Samahani mama, sehemu ya mwisho sikuielewa. Tafadhali irudie polepole."

Mgeni alirudia. Koti lilikuwa na doa la mafuta karibu na mfuko, na alilihitaji Alhamisi. Bi Nyoosha alishika bitana la ndani kwa vidole viwili. Akamweleza kwamba bitana la aina hiyo halivumilii moto, kwa hiyo ataagiza lipigwe pasi ya uvuguvugu. Maneno hayo hayakuwa kwenye kadi. Aliyaunga mwenyewe, moja moja, kwa yale aliyojifunza. Mgeni alimgeukia meneja, akatikisa kichwa kukubali.

"Wenzako walijibu haraka," meneja alimwambia baadaye. "Wewe ulijibu alichosema. Jumatatu utaanza kaunta."

Wiki ya kwanza ya kaunta Bei Poa alipita kiwandani akitoka kazini, rangi imemjaa mpaka nyusi. Alisimama mwisho wa foleni kama mteja. Mbele yake walikuwa wageni watatu. Mkewe alizungumza na wa kwanza, akamwandikia. Wa pili alilalamika, akamtuliza. Wa tatu alimwambia jambo, yeye akajibu, wote wawili wakacheka. Bei Poa hakujua wamecheka nini. Alitoka bila kufika kaunta.

Alipofika mtaani alipitia kwa kinyozi, akasimama mlangoni, watu wote wamsikie.

"Nimetoka kazini kwa mke wangu," alisema. "Nimesimama pale foleni nzima anazungumza, na sikuelewa hata neno moja."