Mkono Mmoja wa Koti

Nikitoka shule, kwanza naangalia kama pasi imezimwa. Kisha naenda jikoni kuona kama kuna kinachoungua, ndipo namwamkia Mama. Mama yangu ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa sababu ni mama yangu: nguo aliyoishona yeye inakukaa kama ulizaliwa nayo. Tabu ni kuimaliza. Anaanza gauni hili, anaona shati lile halina kifungo, anainuka kutafuta uzi, huko anakuta mkasi uliopotea juzi. Jioni meza imejaa nguo na hakuna hata moja iliyokwisha. Mtaani wanamwita Mama Kesho. Wakicheka nami nacheka, lakini moyoni inaniuma.

Wateja wakija kudai nguo zao, mimi ndiye ninayetumwa mlangoni kusema Mama hayupo. Naye yuko nyuma ya pazia, kimya.

Basi jirani yetu mjane akaleta koti la marehemu mumewe. Kijana wake alikuwa anaoa Jumamosi, na alitaka aingie harusini na koti la baba yake. Lilimkaa vizuri, ila mikono ilikuwa mirefu. Mama alipima vidole vinne, akakata mkono wa kwanza. Mara maharage yakanuka kuungua. Akakimbia jikoni, akaona ndoo haina maji, akaenda bombani, akapiga soga kidogo na wenzake. Aliporudi alipima tena vidole vinne, akakata. Mkono uleule.

Nilimkuta ameketi sakafuni, koti mapajani, analia bila sauti. Kingekuwa kitambaa cha dukani tungetafuta kingine. Hiki kilikuwa cha marehemu, na kingine hakipo.

Jioni ile mjane akabisha hodi. Mama alinitazama, nami nikajua la kusema, nikainuka. Akanishika mkono.

"Kaa, mwanangu. Leo nipo."

Alifungua mlango mwenyewe, akamwonyesha koti. "Dada, nimeliharibu koti la shemeji. Sikudharau kazi yako. Niliondoka kidogo tu, nikarudi nikakata palepale. Niko hivi tangu utoto, na sijui kwa nini."

Mjane aliushika ule mkono mfupi kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka. Nilidhani atatutukana, na haki angekuwa nayo.

"Imeniuma sana," alisema. "Lakini fundi kama wewe hawezi kufanya hivi kwa kupenda. Umewahi kumwona daktari?"

Mama hakuwahi kufikiri kwamba kusahau nako kuna daktari wake. Aliomba aachiwe ajaribu kulitengeneza koti, maana vipande alivyokata bado vilikuwepo. Mjane akavuta kigoda, akasema haondoki. Nguo nyingine zote tukazifungia kabatini. Mama alirudishia kipande cha pili, akaufunika mshono kwa ukanda wa kitambaa, na mkono wa pili akaupunguza vidole vinne, akautia ukanda kama huo ili ifanane. Kila alipoinuka kufuata jambo jingine, mjane alimwambia taratibu, "Bado mkono, mdogo wangu." Naye akakaa. Jumamosi bwana harusi alivaa koti la baba yake, na hakuna aliyejua yaliyotokea ila sisi.

Baada ya harusi mjane alimsindikiza Mama hospitali. Daktari alimuuliza mengi, hata ya utoto wake, na alipomwona mara kadhaa akamwambia ana upungufu wa umakini. Watu hudhani ni tatizo la watoto tu, alieleza, lakini wengi hukua nalo. Si uvivu wala si dharau. Alimpa dawa, akamwagiza aweke nguo moja tu mezani, na akiweza, awe na mtu karibu.

Mama bado anasahau. Juzi sufuria ya chai ilikauka mpaka ikatoboka. Ila nguo sasa zinakwisha, na mchana mjane huja na kazi yake ya kufuma, wakakaa pamoja.

Siku tuliyopata majibu ya daktari nilimwambia Mama kwamba kumbe hakuwa na kosa lolote. Alitikisa kichwa.

"Kusahau sikuchagua, mwanangu. Lakini kukutuma mlangoni ukaseme sipo, hilo nililichagua mwenyewe. Hilo halina dawa ya hospitali. Dawa yake ni kuacha, na nimeacha."

Tangu siku ile, hodi ikipigwa, anayefungua mlango ni yeye.