Mafuta ya Mbuzi na Mkia wa Kondoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Arafa alifagia uwanja, akachota ndoo nne za maji bombani, kisha akaketi kunywa chai. Na kila asubuhi baba yake, Bwana Muhidini, aliichungulia sahani yake.

"Chapati moja inakutosha, Kibonge," alisema. "Mwili wote huo unaupeleka wapi?"

Arafa alikuwa na miaka kumi na miwili. Mikono yake ilikuwa minene, mapaja yake manene, na hasira yake ilikuwa nene kuliko vyote. Maana huyo aliyemhesabia chapati alikula nne, akazishushia kwa chai ya sukari vijiko vitano, kisha akaenda kukaa dukani kwake, mtaa wa Dunda, mpaka magharibi, soda mkononi. Miguu yake ilikuwa myembamba na mashavu yamebonyea, ila mbele lilimtangulia tumbo gumu la mviringo.

"Hiki ni kitambi cha heshima," alisema akilipapasa.

Heshima gani, Mungu ndiye ajuaye! Mwezi wa pili sasa kichwa kilimuuma na kiu haikumwisha. Mama alipomsihi aende kupimwa, alijibu kwa ukali, "Wapimwe wanene. Mpeleke Arafa!" Mama aliogopa kumpoteza mumewe, na Arafa, pamoja na hasira zake zote, aliogopa vivyo hivyo.

Siku ya Idd el-Haj ukoo ulikusanyika nyumbani kwao kuchinja udhia. Baba alikuwa amenunua mbuzi. Dada yake mkubwa, Shangazi Ashatu, muuguzi wa zahanati, alileta kondoo mwenye mkia mpana uliojaa mafuta. Baba akamtazama kondoo, akamtazama binti yake, akaangua kicheko.

"Jamani, mwoneni Arafa na ndugu yake!"

Watu wakacheka. Hata watoto wa jirani wakacheka. Arafa aliibwaga chini sinia aliyoibeba.

"Kila siku wanicheka, baba! Mimi ni mwanao, si kichekesho chako!"

Mama akamvuta mkono. "Arafa! Adabu!"

"Mwache," alisema Shangazi Ashatu, naye macho yamemwiva. "Adabu ianze kwa wakubwa."

Wanyama walipokwisha kuchinjwa na kuchunwa, shangazi alimwita mdogo wake. "Muhidini, njoo. Mbuzi wako alikuwa mwembamba, sivyo?"

"Mkavu kabisa," baba alijibu.

Kweli, chini ya ngozi ya mbuzi hapakuwa na mafuta ya kutajika. Lakini Mzee Pazi, mchinjaji, alipompasua tumbo, mafuta meupe yalikuwa yamezifunika figo na kuuzunguka utumbo wote. Ya kondoo yalikuwa mengi mkiani na chini ya ngozi. Ndani yalikuwa machache zaidi.

"Hata watu wako hivyo," alisema shangazi. "Mafuta ya chini ya ngozi ni laini, unayafinya kwa vidole. Ni akiba ya mwili, ingawa yakizidi mno nayo yana madhara. Lakini haya yanayojibana katikati ya ini, utumbo na figo huyafinyi, nayo hayatulii. Humwaga mafuta na kemikali kwenye damu, na ini ndilo la kwanza kuyapokea. Hapo sukari na shinikizo la damu hupanda."

"Mimi si mbuzi, dada!"

"Kumbe! Leo hutaki kufananishwa na mnyama?"

Safari hii hakuna aliyethubutu kucheka. Shangazi akaleta kamba ndefu. "Arafa, mpime baba yako. Toka utosini hadi kisiginoni, ukate. Ikunje iwe nusu, umzungushie tumbo. Ncha zikikutana, afadhali. Zisipokutana, kuna hatari."

Arafa akapima, akakunja, akamzungushia baba. Ncha ziliachana shibiri nzima. Shangazi akampima Arafa kwa kamba nyingine, ya kimo chake mwenyewe. Ncha zikakutana.

Baba akazishika ncha za kamba yake, akajaribu kuzikutanisha.

"Jumatatu nakuja kukuchukua," shangazi alimwambia. "Ukikataa, nitakuburura."

Jumatatu alipimwa. Sukari ilikuwa juu, na shinikizo la damu pia. Alipewa dawa, akakatazwa soda, akaamriwa kutembea kila siku. Waliporudi nyumbani, shangazi hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe," alisema. "Umemnyima mtoto chapati, nawe umebeba ugonjwa tumboni ukiuita heshima! Unene si aibu, na wembamba si cheti cha afya. Kila mtu, mnene kwa mwembamba, ale kwa kiasi, autumikishe mwili, na akapimwe. Kejeli haijamponya mtu hata mmoja."

Baba akainamisha kichwa. "Arafa mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Arafa alitaka kulia, na alitaka kupiga kelele.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Lakini bado nina hasira."

"Ni haki yako."

"Basi inuka twende ukatembee. Nitakasirika njiani."