Aliyekimbia Lipiko

Hakuna filamu iliyowahi kumtisha Zuberi wa Ziwani. Alilisema mwenyewe, mchana kweupe, mlangoni mwa ukumbi, siku lilipofunguliwa tamasha la filamu za kutisha Mtwara mjini. Shati lake jekundu lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Tutaona, kaka jasiri," akasema dada aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Gauni la kitenge cha manjano, nywele za mistari, harufu ya asmini. Aliitwa Zulmira, binti wa wafanyabiashara wa Kilambo. Zuberi akasahau tiketi ameiweka mfuko gani.

Wakakaa pamoja. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa turubai jeusi. Zuberi alizoea kutazama mambo haya peke yake, kwenye simu, shuka kichwani, mama yake akilalamika kwamba anawakaribisha majini nyumbani. Leo ukumbi mzima ulibana pumzi pamoja, ukapiga yowe pamoja, kisha ukajicheka pamoja. Mzee mwenye kanzu alimng'ang'ania mkono kijana asiyemjua, na hakuna aliyeshangaa. Zuberi akapigwa na butwaa. Kumbe ugonjwa wake una wagonjwa wengine!

"Kwetu mimi ndiye kichaa peke yangu," Zulmira akamnong'oneza. "Hapa nimefika kwa ndugu zangu. Inayofuata nimeitengeneza mimi."

Filamu ikaanza kwenye shamba la mikorosho. Ngoma ikalia kwa mbali. Kisha kati ya miti likatokea lipiko, kile kinyago cha ngoma ya Kimakonde, nywele za mtu kichwani, meno nje. Halikucheza. Lilisimama tu, likitazama viti. Kila mwanamume aliyepita jando anajua ndani ya lipiko kuna binadamu. Zuberi alipita jando. Miguu yake haikupita.

Alijikuta juani, kiatu kimoja.

Simu ikaita. Alikuwa Zulmira; namba walipeana kwenye foleni. Mwanamume mzima aseme amekimbia lipiko? Akajibu kwamba filamu ilimchosha, ametoka kunywa soda.

"Asante kwa ukweli wako, Zuberi," Zulmira akasema, akakata. Alipopigiwa tena hakupokea.

Shamimu, mkata tiketi, ndiye aliyetoka kumpa habari: yule dada anaiondoa filamu yake kwenye tamasha na anatafuta gari la Kilambo. Zuberi akaingia anachechemea, akamkuta analiviringisha lipiko kwenye gunia.

"Nilikudanganya, mpenzi. Nilikimbia. Kiatu kilicho mezani kwa Shamimu ni changu."

Zulmira akautazama ule mguu wenye soksi tupu. "Ulikimbia ulipoona meno?"

"Kabla ya hapo. Lilipotulia."

"Hapo hapo," akasema taratibu, macho yamelowa. "Hapo hapo ndipo nilipopataka."

Zuberi akamwomba radhi, na kwa pumzi hiyo hiyo akauliza kama anaweza kutuma wazee Kilambo.

"Wazee watasubiri, kaka jasiri. Kwanza kesho uimalize."

Akaimaliza, kiti cha mbele, pindo la kanga ya Zulmira kalibana kwa meno. Ukumbi ulipopiga yowe, yeye ndiye aliyeanza, na Zulmira akacheka kwa raha ya mtu aliyetunzwa. Msimulizi wenu alikaa nyuma yao siku zote mbili, ametulia, hakupepesa hata kope.

Shamimu, ninayemsomea haya, amekohoa.

"Waeleze na kile kiatu kilimtokaje," anasema. "Ni wewe uliyemkanyaga kisigino, ukimpita mlangoni."