Ratili Sita za Maziwa

Bakuli la uji la Mama Elizabeti lilikuwa na sheria zake. Kwanza, mzazi alilipokea kwa mikono miwili. Pili, alilimaliza. Sheria ya tatu haikutajwa kamwe, kwa kuwa katika kijiji kizima cha Mpemba hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuthubutu kuivunja: bakuli halirudishwi kwa mama mkwe likiwa na uji ndani.

Ketrina alikuwa mke wa mwanawe. Tangu amzae Sadoki, miezi minne iliyopita, alilimaliza bakuli hilo mara tatu kwa siku. Uji ulikuwa wa ulezi, mzito, umekorogwa kwa karanga zilizotwangwa na sukari isiyo na huruma. Baada ya uji ulikuja ugali. Baada ya ugali ilikuja chai yenye vijiko vinne vya sukari, na maandazi.

"Kazi yako ni kukaa na kunyonyesha," Mama Elizabeti alimwambia. "Jembe litakungoja. Halina miguu."

Ketrina alikaa, akanyonyesha, na Sadoki akanawiri. Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, kama si lori lililosimama barabarani siku moja ya mwaka 1954, likitokea Tunduma. Dereva alishusha kifurushi na barua. Vilitoka kwa Fanueli, mume wa Ketrina, aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Rodeshia, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa hajamwona mwanawe hata mara moja.

Barua ilisema: "Nitakuja likizo baada ya majuma manne. Nimekushonea gauni kwa fundi wa huku. Nitakaposhuka kwenye lori nataka nikuone umelivaa."

Gauni lilikuwa la buluu, na lilikuwa zuri. Ketrina alijifungia ndani na jirani yake Jenista, akalivaa. Vifungo vya mgongoni na matundu yake vilitazamana kwa mbali, kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto.

"Vuta pumzi," alisema Jenista, akishika nguo kwa mikono yote miwili.

"Nimeshavuta."

"Basi vuta na ya kesho."

Havikukutana. Ketrina aliketi kitandani, akatazama tumbo lake kama mtu anayetazama mgeni aliyekataa kuaga.

"Acha kula majuma matatu," Jenista alishauri. "Na tumbo ulifunge mkaja, uukaze sana. Mimi ndivyo nilivyofanya."

"Ukapungua?"

"Nilizimia. Lakini nilizimia nikiwa mwembamba."

Shauri lilimwingia Ketrina. Tatizo lilikuwa bakuli. Angewezaje kulirudisha likiwa na uji? Alifikiri siku mbili. Jumapili, kanisani, aliposikia tangazo la maombi ya kufunga, alipata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la kutisha kwa uzuri wake. Mama mkwe anaweza kubishana na tumbo lililoshiba. Hawezi kubishana na mfungo.

Jumatatu asubuhi bakuli lilipoletwa, Ketrina aliinamisha macho.

"Nisamehe, mama. Nimefunga. Namwombea Fanueli afike salama."

Mama Elizabeti alibaki amesimama na bakuli lake. Kisha akalirudisha jikoni polepole, kwa heshima, kama anayebeba sadaka.

Tangu siku hiyo Ketrina hakutia kitu kinywani tangu alfajiri mpaka jua lizame. Jioni alikula tonge mbili na chai kavu. Mkaja aliukaza mpaka kuinama ikawa kazi ya kupangia muda. Na Mama Elizabeti, ambaye hakuwahi kuweka habari njema moyoni zaidi ya saa moja, aliwaambia wanawake wote wa kanisa.

Mpemba ikashangaa. Ketrina alipopita kwenda kisimani, watu walipunguza sauti. Mama mmoja alikuja aombewe kikohozi cha mumewe. Mwingine alitaka mahindi yake yaombewe mvua. Hata Jenista alikuja, aombewe mbuzi wake aliyepotea.

"Lakini wewe unajua," Ketrina alimnong'oneza.

"Mimi najua," alisema Jenista. "Mbuzi hajui."

Siku ya tatu mbuzi alirudi, tena amenenepa. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Ketrina aliitwa kuongoza maombi asubuhi, mchana na jioni. Sadoki aliachwa kwa bibi yake, akanyonyeshwa pale mama yake alipopata nafasi.

Siku ya kumi Sadoki alianza kulia kwa namna mpya. Alinyonya kidogo, akaliachia ziwa, akalia. Akashika tena, akaachia tena. Nepi iliyofungwa asubuhi ilikuwa bado kavu mchana. Mashavu yake, yaliyokuwa yakining'inia kama ya mzee wa baraza, yalianza kunywea. Ketrina mwenyewe aliona kizunguzungu kila alipoinuka. Alipokamua ziwa kwa vidole, yalitoka matone machache tu.

Siku ya kumi na mbili alimwonyesha mama mkwe wake.

"Mama, mtoto hashibi. Maziwa yamekwenda wapi?"

Mama Elizabeti alimpakata mjukuu wake, akamtazama kwa uchungu. Kisha akasema kwa upole mkubwa:

"Hili ni jaribu, mwanangu. Ongeza mfungo. Acha na zile tonge za jioni."

Ketrina alimtazama Sadoki, na kwa mara ya kwanza aliogopa kabisa. Aliona waziwazi kwamba uongo wake sasa ulikuwa na kinywa, na ulikuwa ukila chakula cha mtoto. Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati ya misheni. Mwendo wa saa mbili ulimchukua tatu, kwa sababu alipumzika kila penye kivuli.

Mkunga wa zahanati aliitwa Anastazia. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye mikono isiyo na haraka. Alimlaza Sadoki kwenye kitambaa, akakitundika kwenye ndoano ya mizani, akasubiri mshale utulie.

"Alipozaliwa alikuwa ratili saba," alisema akisoma kadi. "Mwezi uliopita, kumi na tatu. Leo ni kumi na mbili na nusu. Mtoto wa umri huu hupanda, Mama Sadoki. Huyu ameshuka. Wewe unakula nini?"

"Nimefunga, mkunga. Kwa maombi."

"Ukifunga wewe, umemfungisha na huyu. Na yeye hana hata dhambi moja ya kuiombea." Anastazia alimtazama kiunoni. "Na huo mkaja, nao unaomba?"

Ketrina alianza kulia. Akasema yote: gauni, vifungo, bakuli, mbuzi. Aliposikia habari za mbuzi, mkunga aligeukia dirishani kidogo na mabega yake yakatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa mzito tena.

"Unamnyonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Nyingine naitwa kwenye maombi."

"Basi maziwa hayajakwenda popote. Yamesubiri kuitwa, hayakuitwa. Ziwa likinyonywa hutengeneza. Lisiponyonywa hupunguza. Na mwenye ziwa asipokula, huchoka, na kila kitu chake huchoka."

Alitoka, akarudi na mfuko mdogo wa maharage. Akaupima kwenye mizani, akatoa kidogo, akapima tena. Kisha akauweka mapajani mwa Ketrina.

"Shika. Mzito?"

"Mzito."

"Ni ratili sita. Ndizo alizoongeza mwanao tangu azaliwe mpaka mwezi uliopita. Alikula ugali?"

"Hapana."

"Alikula maharage?"

"Hana meno, mkunga."

"Alikula nini?"

"Ziwa tu."

"La nani?"

Ketrina alitazama mfuko, kisha akamtazama Sadoki aliyelala kwenye kitambaa. Alizitazama kucha zake ndogo, zilizohitaji kukatwa kila juma. Aliutazama mkunjo wa pajani, nyusi zilizokuwa zikianza kuonekana, na nywele za utosini zilizopanda na kushuka kwa mapigo ya moyo. Vyote hivi havikuwapo. Sasa vilikuwapo. Na hapakuwa na mtu mwingine aliyeleta chochote.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni wewe," alisema Anastazia. "Mimi nimepima watoto miaka kumi na minane, na bado kila nikisoma huu mshale nanyamaza kwanza. Sasa sikiliza. Ulipokuwa na mimba, mwili wako uliweka akiba kiunoni na mapajani. Hukuuambia. Ulijua wenyewe kwamba anakuja mtu wa kulishwa. Sasa unaitoa akiba ile kidogo kidogo, ndani ya maziwa. Kwa hiyo kunyonyesha kwenyewe kunakupunguza mwili. Lakini hupunguza taratibu, na hutaka chakula juu yake. Tumbo lilichukua miezi tisa kukua. Lipe nalo miezi yake."

"Kwa hiyo nile kila kitu, mkunga?"

"Nani kasema kila kitu? Uji kula, lakini sukari ipunguze. Chai ya vijiko vinne ni ya nani, ya nyuki? Maandazi ya kila siku acha. Kula ugali, maharage, karanga, majani ya maboga, yai likipatikana, matunda ya msimu. Kula ukisikia njaa, kunywa maji ukisikia kiu. Anayenyonyesha huisikia mara nyingi. Usinywe haluli wala dawa yoyote ya kuharisha ili upungue. Mkaja ulegeze, hauyeyushi mafuta, unayabana tu. Na tembea. Nenda shambani, lima kidogo, rudi. Kukaa miezi minne kitako si dawa."

"Na nikipungua, nipungue kiasi gani?"

"Ratili moja kwa juma inatosha. Isizidi. Ukiona unaporomoka haraka, au una kizunguzungu, au nepi haziloani, njoo siku hiyo hiyo. Na mtoto mnyonyeshe kila akitaka, mara nane, mara kumi, usiku na mchana. Mrudishe kwangu baada ya siku tano."

Kabla hajaondoka, Ketrina alipandishwa kwenye mizani ya chini, ile ya kupimia magunia, na uzito wake ukaandikwa kwenye kadi chini ya ule wa mwanawe. Kisha Anastazia akampa kikombe cha uji, akasimama mbele yake mpaka kikaisha.

Njiani Ketrina alimnyonyesha mtoto mara mbili. Jambo moja lilibaki, nalo lilikuwa zito kuliko mfuko wa maharage. Alimkuta mama mkwe wake jikoni, akapiga magoti.

"Mama, sikufunga kwa maombi. Nilifunga kwa ajili ya gauni. Nilikudanganya, na mtoto ndiye aliyeumia."

Kisha akamweleza yote aliyoambiwa, mpaka lile la ratili sita. Mama Elizabeti alikoroga chungu chake kwa muda mrefu. Kuni zililia motoni.

"Na yule mbuzi wa Jenista," alisema mwishowe, "alirudishwa na nani?"

"Labda alichoka kutembea, mama."

Mama mkwe alikoroga tena.

"Mimi nilizaa saba," alisema. "Wawili walikonda hivi hivi mikononi mwangu, na hakuna aliyeniambia kitu. Nami leo nilikuambia uongeze mfungo." Alipangusa uso kwa upande wa kanga. Akapakua uji, akalishika bakuli, na mkono mwingine ukaelekea kwenye kopo la sukari. Ukasimama. Ukarudi. "Kula. Kama ni mchungu, huo ndio msamaha wangu."

Ulikuwa mchungu kweli. Ketrina aliumaliza.

Siku ya tatu nepi zilianza kuloa tena. Siku ya tano Sadoki alipanda mizani na kurudi kwenye ratili kumi na tatu. Ketrina alirudi shambani, kwa muda wa saa moja kila asubuhi na saa moja kila jioni, mtoto mgongoni. Maombi aliyaachia waliokuwa na nafasi. Gauni alilipeleka kwa fundi cherehani, likapanuliwa kwa kipande cha kitambaa kila ubavu.

Fanueli aliposhuka kwenye lori, aliviona vile vipande.

"Fundi wa Rodeshia alikosea?" aliuliza.

"Ulimpa vipimo gani?" aliuliza Ketrina.

Fanueli alikiri kwamba hakuwa na vipimo. Kule migodini alikuwa amekumbatia nguzo ya banda, akamwambia fundi, kiasi hiki.

"Basi nguzo haijazaa," alisema Ketrina, na Mama Elizabeti akacheka mpaka akaketi.

Likizo ilikuwa ndefu. Majuma tisa baada ya ile siku ya maharage, Sadoki alikuwa na miezi sita na ilikuwa siku yao ya zahanati. Fanueli alisema atawasindikiza, akambeba mtoto njia nzima kwa mikono, akilalamika kwamba anamvunja kiwiko.

Anastazia alimtundika Sadoki kwenye mizani. Mshale ulitikisika, ukatulia.

"Kumi na sita," alisema. "Sasa mnaweza kumwonjesha uji laini, kijiko kwa kijiko, lakini ziwa liendelee. Mama, panda wewe."

Ketrina alipanda. Mkunga alisogeza kijiwe cha mizani, akasogeza tena, akaitazama kadi.

"Umepungua saba. Na hukuzimia?"

"Sikuzimia, mkunga. Nakula kuliko baba yake."

Fanueli alisogea karibu, akazitazama namba mbili kwenye kadi, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Migodini aliwahi kuona shaba ikitolewa kwenye jiwe, na alidhani hapakuwa na jambo la kumshangaza zaidi ya hilo.

"Mkunga," aliuliza, "hizi alizoongeza huyu, mama yake amezitoa wapi?"

Anastazia alimwachia Ketrina ajibu. Lakini Ketrina alikuwa ameshaketi kwenye benchi, Sadoki yuko kifuani, ananyonya kwa sauti, jicho moja limefumba. Fanueli aliwatazama kwa muda. Kisha akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasimama kimya mpaka mtoto alipomaliza.