Nyuzi Joto Thelathini na Saba

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Sisimulii ya kuambiwa.

Jumamosi moja nilikwenda kwake saa nne asubuhi na sare yangu ya kazi iliyofumuka mkono. Mimi ni muuguzi. Dada ni mshonaji, na cherehani yake iko sebuleni, pembeni mwa dirisha. Manyunyu yalikuwa yameshika wiki nzima na watu walitembea wamejikunyata ndani ya masweta. Nilipiga hodi huku nikiwaza chai.

Mlango ulipofunguliwa, hamu ya chai ikaniisha.

"Dada, kuna nini humu?"

"Bomba la jikoni limeziba," alijibu akiangalia pembeni.

Nimefunga vidonda vya kila namna, nimebadilisha mashuka ambayo wengine waliyakimbia. Harufu ya bomba naijua. Hii ilikuwa ya nyama.

Wiki tatu kabla tulikuwa tumemzika mumewe. Alikuwa fundi majokofu, mtu mpole mwenye viganja vikubwa, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini na hakuzinduka tena. Alikuwa amefuga chatu ndani ya sanduku la kioo, hapo hapo sebuleni. Dada alizoea kumtania: "Kutwa unahangaika na baridi ya watu, ukirudi unahangaika na joto la nyoka. Mimi utanipima lini?" Kwa nje alicheka. Kwa ndani alimwita yule chatu mke mwenza asiye na miguu.

Shemeji aliwahi kunieleza utaratibu wake. Upande mmoja wa sanduku uliwekwa taa ya joto, nyuzi thelathini na mbili. Upande wa pili haukuwa na taa, nyuzi ishirini na sita. Kila upande ulikuwa na kipimajoto chake, na nyoka alijisogeza mwenyewe alikoona panamfaa.

"Hana joto lake huyu, shemeji," aliniambia. "Huliazima. Ukimnyima baada ya kula, chakula kinamwozea tumboni."

Dada naye aliyasikia maneno hayo. Aliyasikia vizuri sana.

Nilipoingia sebuleni nikakuta sanduku limefunikwa shuka na waya wa taa umechomolewa ukutani.

"Dada. Umemzimia taa?"

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani. "Siku ya tisa leo," alinong'ona. "Nilimpa panya wake, kisha nikazima. Kumpiga siwezi, mdogo wangu. Kumshika siwezi. Nikasema baridi imalize."

Sikumlaumu. Nilivaa glavu nilizokuwa nazo mkobani, nikafunua shuka.

Chatu alikuwa amejikunja kwenye kona ya mbali na taa. Mbele yake alikuwa ametapika panya. Manyoya yalikuwa yameshikana kwa ute wa kijani, tumbo limepasuka, na funza walikuwa wakipishana kwenye matundu ya macho. Nilimchota yule panya kwa gazeti. Akakatika katikati. Nusu ikaanguka kwenye kiatu changu, na ule uji wake ukapenya hadi kwenye soksi.

Nilijikaza. Kazi yangu imenifundisha kupumulia mdomo. Kosa langu ni kwamba ladha nayo ikaingia.

Nilipoegemea kioo nivute pumzi, nikashtuka. Kilikuwa na joto. Si joto la kitu kilichoachwa juani, maana jua lenyewe halikuwepo. Lilikuwa joto la paji la uso la mtu.

Nikatazama kipimajoto cha upande wa baridi. Thelathini na saba.

Cha upande wa pili. Thelathini na saba.

Namba hiyo naiandika kwenye mafaili ya wagonjwa kila siku. Ni joto la mwili wa mtu mzima aliye hai.

"Dada," nilisema polepole, "una hakika ulizima?"

Akanionyesha waya kwa kidole. Ulikuwa sakafuni, umeshika vumbi.

Ndipo chatu akafumbua mdomo. Hakuinua kichwa. Taya tu zilitanuka, shingo ikavimba, na kitu kikaanza kupanda. Taratibu. Kilitoka kimeviringika, cheusi, kinadondosha maji mazito. Nilidhani ni panya mwingine. Nikakigeuza kwa ncha ya kalamu.

Kilikuwa kitambaa. Kipande cha pindo la shati, na kifungo kimoja cha kijani.

Dada alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma sindano. Shati tulilomzikia shemeji alilishona yeye. Vifungo vyeupe vilimwishia, cha mwisho akaweka cha kijani, chini kabisa, mahali panapochomekwa ndani ya suruali. Alijua yeye. Nilijua mimi niliyemvalisha marehemu. Basi.

"Washa," alinong'ona. "Washa taa. Mwashie."

Nilichomeka waya ukutani. Taa ikawaka. Na hapo, mbele ya macho yangu, namba zikaanza kushuka. Thelathini na sita. Thelathini na nne. Zikatulia kwenye thelathini na mbili upande wa taa, na ishirini na sita upande wa pili.

Dada alikimbilia bafuni. Nilimfuata. Tulitapika kwa zamu.

Nilimchukua kwangu mchana ule ule. Jumatatu tulirudi na mtunza nyoka wa bustani ya wanyama, mzee ambaye mkono wake mmoja ulijaa makovu. Alifungua kifuniko, akamwinua chatu, na ngozi ya mgongoni ikabaki mikononi mwake. Chini yake nyama ilikuwa imelainika kama ndizi iliyooza.

"Mama, mbona mmechelewa kuniita?" alimwuliza dada. "Huyu amekufa siku nyingi. Wiki, si chini ya hapo."

"Juzi alitapika," nikasema. "Nilimwona."

Mzee alinitazama, kisha akatazama sanduku. Alifunga mzigo wake kwenye mifuko mitatu na kuondoka bila kuaga.

Dada amehama. Siku ya kuchukua vyombo nilisogeza cherehani ili nifagie nyuma yake. Nikaona kitu kikavu, chepesi, kinapepea kwa upepo wa ufagio. Nilidhani ni gamba la chatu.

Nikakiokota na kukinyoosha kwenye meza. Kilikuwa na kiganja. Kilikuwa na vidole vitano, na mistari ya alama za vidole ilionekana wazi dhidi ya mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimevuliwa kizima, bila mpasuko, kuanzia kifundo cha mkono.

Nililaza kiganja changu juu yake. Kilizidi changu kwa pingili nzima ya kidole.