Vitambulisho Viwili vya Mkaguzi Enns

"Cherry zimeiva."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Odette Lachance akiwa nyuma ya kaunta ya duka la bangi halali, anamfungia mteja pakiti. Hakupepesa hata ukope. Alirudisha chenji, akavua aproni, akamwambia mwenzake Gurleen Dhaliwal kwamba anatoka kupunga hewa.

"Kila ukipunga hewa unarudi baada ya saa nzima, Manon," Gurleen alisema. "Hewa gani hiyo, ya kupanga foleni?"

Manon lilikuwa jina la kazi yake ya siri. Mjini Osoyoos, jina lake la kweli alilijua mtu mmoja tu: Walter Enns, mbele ya watu mkaguzi wa maduka ya bangi, nyuma ya pazia mkuu wa majasusi wa mpakani. Ndiye aliyemtoa chuoni, akamfundisha kulenga, kunyamaza na kuamini.

Odette hakuwa na baba. Alikuwa na Enns.

Ujumbe ulitoka kwake, na maana yake ilikuwa wazi. Ghalani mwa duka, ndani ya maboksi yenye lakiri, chini ya bangi halali, mlifichwa bastola zilizovushwa kutoka kusini mwa mpaka. Sasa zinaondoka kwenda Vancouver. Zikifika, watoto wa watu watazikwa.

Gari jeupe la friji lilichomoka uchochoroni. Usukani alikuwa ameushika Kip Renner, mpagazi wa magendo.

Odette alirukia Subaru yake.

Barabara ya mlima Anarchist inapinda kama utumbo. Alikanyaga mafuta. Tairi zililia.

"Kwale kwa Bonde," aliita kwa majina yao ya siri. "Nipe kizuizi huko juu."

"Kizuizi kipo," Enns alijibu redioni. "Wewe mfuate tu, binti yangu."

Hakukuwa na kizuizi.

Kwenye kona ya juu gari la friji lilikuwa limesimama, milango ya nyuma wazi. Tupu, chambo tu. Renner aliliegemea, bastola ya Glock mkononi.

"Karibu, Odette. Mzee anakusalimu. Amesema nisikuumize sana."

Odette.

Risasi ingemuuma kidogo kuliko jina hilo.

Aliomba akae chini, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Renner akaangua kicheko, kichwa nyuma. Hapo hapo Odette akachomoa mkebe wa dawa ya kufukuzia dubu, ule ambao kila mpanda mlima wa huko huuning'iniza kiunoni, akampulizia machoni. Teke moja, Glock ikaruka. Pingu zikamfunga kwenye bampa.

Redio haikumfaa tena. Redio ilikuwa Enns. Akapiga simu dukani.

Gurleen alinong'ona kwamba hana nafasi, ana tukio. Mkaguzi Enns amekuja kuchukua maboksi ya ghalani, eti sampuli. Alipodaiwa vitambulisho viwili alitoa kimoja. Cha pili kimekwisha muda. Basi Gurleen amemzuia, na anaandika ripoti ya tukio kama sheria inavyotaka.

"Amekubali?"

"Atakataaje? Si yeye aliyekuja kutufundisha? Alisema, 'Hata mimi, msipoona viwili, nizuieni na mwandike papo hapo.' Wateja wanamtazama, kamera zinamtazama. Anatabasamu kama mwenye jino bovu."

"Andika polepole, dada. Eleza mavazi yote."

"Nimefika kwenye soksi."

Odette aliwapigia polisi wa mji moja kwa moja, akageuza gari.

Alimkuta Enns amesimama penye kaunta, mikono nyuma, mpole kama mgeni wa msibani. Polisi walikuwa wanaingia ghalani. Enns alimtazama, akashusha pumzi.

Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba amezeeka akikagua utajiri wa wengine, na mara moja tu alitaka wake. Kisha akaonyesha karatasi iliyokuwa mbele ya Gurleen. Inasema mkaguzi hakuwa na kitambulisho cha pili, basi. Bastola atasema alikuja kuzikamata. Renner hatafungua mdomo.

"Nafasi ya maelezo ya shahidi bado iko wazi," alisema. "Iache hivyo, binti yangu. Kwa ajili yangu."

Odette alimkumbuka siku ya mahafali yake, peke yake kwenye viti vya wazazi, ameyashika maua juu chini.

Akachukua kalamu.

Aliandika mlima, gari tupu, kizuizi kisichokuwepo, salamu za Renner neno kwa neno. Aliandika Walter Enns kwa kirefu. Akatia sahihi.

Gurleen alichungulia. "Odette ndiye nani?"

"Mimi. Nisamehe, dada."

Boksi la kwanza lilifunguliwa. Chini ya bangi, chuma kiling'aa. Enns alinyoosha mikono mwenyewe kupokea pingu.

"Umeandika vizuri," alisema.



Kwenye kisikilizio sikioni mwa Odette, sauti ngeni kutoka makao makuu ilimuuliza: kuanzia sasa, mkuu wake ni nani?

"Sina."

Alichomoa kisikilizio, akakidondosha kwenye kikombe cha kahawa iliyopoa, akatoka kwenye joto la Julai. Hakugeuka nyuma. Alivaa miwani yake ya jua. Ilikuwa nyeusi sana. Hakuna aliyeona machozi.